Kerneli Inapobisha Hodi: Nusu Karne ya Mazungumzo na Programu Dhibiti

Mwaka 1976 Gary Kildall hakuwa tena na hamu ya kurekebisha kazi ileile kwa mara nyingine. Mfumo wake wa uendeshaji, CP/M, ulikuwa umeshafanyiwa marekebisho kwa ajili ya vidhibiti kadhaa vya diski, na sasa kampuni ya IMSAI ya California ilikuwa imewauzia wateja diski huku ikiwaahidi kwamba mfumo wa kuziendesha ungefuata. Glenn Ewing, mshauri wa IMSAI, alimwendea Kildall kuomba CP/M ikubali mitambo hiyo. Kildall akakusanya sehemu zote za programu yake zinazogusa vifaa, akazitenga na mfumo uliobaki, na kipande hicho kikaitwa BIOS. Tangu hapo Ewing, au mtu mwingine yeyote mwenye mashine yake, aliweza kuandika kipande hicho kidogo tu, na CP/M iliyobaki ikakaa vilevile.

Kilichowaunganisha kilikuwa jedwali fupi. Katika CP/M 2.2 jedwali hilo lilikuwa na amri 17 za kuruka, kila moja baiti 3, kwa mpangilio usiobadilika: kuanza, kuanza upya, kuuliza kama kuna herufi imebonyezwa, kusoma herufi, kuandika herufi, na kuendelea hadi kusoma na kuandika diski. Mfumo uliotaka kuonyesha herufi uliiweka kwenye rejista C ya prosesa ya Intel 8080, ukaruka hadi mahali panapohusika kwenye jedwali, na basi. Herufi iliyosomwa kwenye kibodi ilirudi kupitia rejista A. Aliyeandika CP/M na aliyeandika BIOS hawakulazimika kuonana, ilimradi wote wawili waliheshimu mpangilio na rejista.

BIOS hiyo bado ilipakiwa kutoka kwenye diski. Programu dhibiti tunayoijua leo ni ile ambayo mtengenezaji wa mashine huiweka ndani ya chipu kwenye ubao wenyewe, nayo huamka kabla ya kitu kingine chochote. Kerneli, kiini cha mfumo wa uendeshaji, huja baadaye na kushika usukani. Lakini kerneli haiujui ubao iliowekwa juu yake: kuna kumbukumbu kiasi gani, prosesa ya pili inaamshwaje, umeme unazimwa kwa kugusa waya upi. Anayejua ni programu dhibiti. Ndiyo maana kerneli imekuwa ikirudi kwake kuuliza kwa miaka karibu 50, na kila jamii ya prosesa imebuni namna yake ya kuuliza.

Tarehe 12 Agosti 1981 IBM ilitangaza kompyuta yake binafsi, iliyoundwa na kikosi kidogo huko Boca Raton, Florida. BIOS yake ilikuwa ya kilobaiti 8, imechomwa ndani ya chipu ya kumbukumbu isiyofutika. Miongoni mwa wahandisi walioiandika alikuwa David Bradley, aliyetupa pia vibonye vya Ctrl, Alt na Del. IBM haikutumia jedwali la kuruka. Ilitumia makatizo ya prosesa ya 8088. Mwandishi wa programu aliweka nambari ya kazi kwenye rejista AH, tuseme 0Eh kwa kuandika herufi, akaweka herufi yenyewe kwenye AL, kisha akaita katizo 10h. Prosesa ilitazama kwenye jedwali la anwani 256 lililokaa kwenye kilobaiti ya kwanza ya kumbukumbu, ikaikuta anwani ya 16, ikaruka huko. Programu haikuhitaji kujua BIOS imekaa wapi. Diski zilikuwa kwenye katizo 13h, kibodi 16h, mambo mchanganyiko 15h.

Ulikuwa mpango mzuri, na IBM iliuchapisha wazi pamoja na orodha nzima ya msimbo wa BIOS katika kitabu chake cha kiufundi. Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo halikuzingatiwa. Intel ilikuwa imetangaza kwamba makatizo 32 ya mwanzo ni yake, kwa matumizi ya baadaye. IBM ikayatumia hata hivyo. Prosesa ya 80286 ilipotoka mwaka 1982, katizo la 16, lile la skrini, lilikuwa limepewa kazi ya kutoa taarifa ya hitilafu kwenye chipu ya hesabu, na katizo la 5, ambalo IBM ililitumia kuchapisha picha ya skrini, likawa onyo la kuvuka mipaka ya orodha. Mgongano huo haujawahi kufutwa. Kerneli za kompyuta za jamii hiyo, Linux ikiwemo, bado hulazimika kuhamisha ishara za vifaa hadi nambari 20h na kuendelea, kwa sababu BIOS ilizipanga mahali ambapo prosesa hutoa makosa yake.

Waandishi wa programu nao waligundua haraka kwamba kupitia BIOS kulichelewesha mambo. Lotus 1-2-3, programu ya lahajedwali iliyotoka mwaka 1983, iliandika moja kwa moja kwenye kumbukumbu ya skrini. Hapo mashine zilizofuata BIOS peke yake bila kuiga vifaa vya IBM zikakosa soko, na walionusurika ni waliotengeneza nakala kamili. Compaq ya Houston iliandika BIOS yake upya bila kunakili ya IBM, na mwaka 1984 Phoenix ikaanza kumuuzia kila mtengenezaji BIOS ya aina hiyo.

Kisha zikaja prosesa zenye hali ya ulinzi, na mkataba wa Boca Raton ukaanza kupasuka. BIOS ilikuwa ya biti 16 na ilidhani kumbukumbu yote ni megabaiti 1. Kerneli iliyoingia kwenye hali ya ulinzi iliishi kwenye dunia nyingine kabisa, ya anwani ndefu na kurasa za kumbukumbu, na kuiita BIOS kutoka huko kulihitaji kurudi nyuma. Kwa 80286 kurudi huko hakukuwezekana kwa amri yoyote ya prosesa. IBM ilipata njia ya kushangaza katika mashine yake ya AT ya mwaka 1984: mfumo uliandika alama ndogo kwenye kumbukumbu ya saa, ukaiomba chipu ya kibodi iiwashe upya prosesa, na BIOS ilipoamka ikaisoma alama, ikatambua kwamba mashine haijazimwa kweli, ikarudisha udhibiti kwa mfumo. Mhandisi aliyebuni hilo alistahili sifa, lakini njia ya mfumo kufika kwenye diski yake ilikuwa imepitia kwenye kibodi.

Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, aliamua mwaka 1991 kwamba atauliza mara moja tu. Kipande cha kuanzishia Linux ya mwanzo kiliita katizo 10h kujua kishale cha skrini kiko wapi, kikaita 15h na 88h kwenye AH kujua ukubwa wa kumbukumbu, kikahifadhi majibu kwenye anwani 90000h. Baada ya hapo kikaivuta kerneli hadi anwani sifuri, juu kabisa ya jedwali la makatizo la BIOS, na kuingia hali ya ulinzi. Njia ya kurudi ilikuwa imefunikwa. Draiva za diski, kibodi na skrini ziliandikwa ndani ya Linux yenyewe.

Hata maswali hayo machache hayakukaa bila kubadilika. Jibu la 88h lilirudi kwenye rejista ya biti 16 likihesabu kilobaiti, kwa hiyo halikuweza kuvuka megabaiti 64. Likaja swali jipya, E820h, ambalo muulizaji huweka herufi SMAP kwenye rejista EDX ili BIOS ijue kwamba anafahamu anachoomba, na BIOS humrudishia kipande kimoja kimoja cha kumbukumbu: baiti 8 za mahali kinapoanzia, baiti 8 za urefu, baiti 4 za aina. Jina e820 limebaki ndani ya kerneli ya Linux hadi leo, hata kwenye mashine ambazo hazina BIOS ya kuuliza.

Na wapo waliolazimika kuendelea kuita. Mwaka 1992 Intel na Microsoft walitoa APM, utaratibu wa BIOS kusimamia betri na usingizi wa kompyuta mpakato, wenye mlango maalumu wa biti 32. Kerneli ya Linux iliutumia, ikakutana na BIOS ambazo zilitafuta data zao kwenye sehemu ya 40h kana kwamba ziko bado kwenye hali ya zamani. Katika hali ya ulinzi nambari hiyo haina maana ileile, na mashine ilianguka. Suluhisho lilikuwa kutengeneza ndani ya kerneli kiingilio cha 40h kinachoelekeza kwenye anwani 400h, mahali ambapo data hizo zilikuwa kweli. Katika msimbo, kiingilio hicho kilipewa jina la BIOS mbovu. Mwaka 1996 Intel, Microsoft na Toshiba wakaja na ACPI, ambayo iligeuza mambo: programu dhibiti ikaikabidhi kerneli maelekezo yaliyoandikwa kwa lugha ndogo ya pekee, na kerneli ikayatekeleza yenyewe.

Wakati jamii ya Intel ikihangaika na biti 16, upande wa Sun Microsystems mtu mmoja alikuwa ameshalitazama tatizo lote kwa jicho jingine. Mitch Bradley alijenga programu dhibiti ya vituo vya kazi vya SPARC kwa Forth, lugha ya Charles Moore, na mwaka 1989 ikatoka ndani ya SPARCstation 1. Mwaka 1994 ikawa kiwango cha IEEE 1275, kinachojulikana kama Open Firmware. Kerneli ilipewa anwani moja tu ya kuita, hakuna jedwali wala nambari za makatizo. Ilipotaka kitu, iliandaa safu ya seli kwenye kumbukumbu: ya kwanza inaelekeza kwenye jina la huduma lililoandikwa kwa herufi, kwa mfano getprop, ya pili idadi ya hoja, ya tatu idadi ya majibu, kisha hoja zenyewe na nafasi za majibu. Kwenye PowerPC safu hiyo ilielekezwa na rejista r3, na kerneli ilikuwa imekabidhiwa anwani ya mlango kwenye r5 ilipoanza. Kwenye SPARC mlango uliletwa kwenye rejista o4. Ukiondoa tofauti hizo, swali lilikuwa lilelile.

Uzuri wake ulionekana kwa mtumiaji pia. Kwenye mashine ya Sun, mtu aliyebonyeza Stop na A aliisimamisha kerneli hapo hapo na kujikuta mbele ya neno ok, ambapo angeweza kuchunguza kumbukumbu kwa Forth na kisha kuiambia kerneli iendelee. Apple ilichukua Open Firmware kwa Power Macintosh, IBM nayo kwa mashine zake za PowerPC. Miaka mingi baadaye Mitch Bradley aliiweka kwenye XO, ile laptopu ndogo ya nyeupe na kijani ya mradi wa kila mtoto na laptopu yake. Wanafunzi wengi wa shule za msingi nchini Rwanda walijifunza kompyuta juu ya mashine hizo. Toleo la XO lenye prosesa ya AMD ya jamii ya x86, ile ya Intel, na toleo la baadaye lenye prosesa ya ARM yote yaliamshwa na Open Firmware.

PowerPC iliongeza kitu kingine, RTAS, huduma zinazobaki hai baada ya Open Firmware kuondoka: kusoma saa, kuwasha prosesa, kuzima mashine. Hapa kuna mambo mengi ya kujifunza kwa anayetaka kujua ugumu ulipo. RTAS ni ya biti 32, hutaka ramani ya kumbukumbu izimwe, haivumilii kuitwa na prosesa mbili kwa wakati mmoja, na huhesabu baiti kwa kuanzia na kubwa. Kerneli ya Linux ya biti 64 inapotaka kuiita, hushika kufuli, huandaa safu ya hoja mahali palipo chini ya gigabaiti 4, huhifadhi rejista zake, hujishusha hadi biti 32, huzima ramani, huruka. Na ikirudi hupanda ngazi zote hizo tena. Kisha Linux kwenye Power ilipohamia mpangilio wa kuanzia na baiti ndogo, kila nambari katika safu hiyo ikalazimika kugeuzwa baiti zake kabla ya kuita na baada ya jibu. Mistari michache ya asembli, na kila mmoja una sababu.

DEC nayo ilikwenda mbali zaidi na prosesa ya Alpha ya mwaka 1992. Kampuni hiyo ilikuwa na mfumo wa VMS uliozoea amri tata za mashine zake za VAX, na ilitaka chipu nyepesi. Ikaweka katikati msimbo ulioitwa PALcode, unaoitwa kwa amri moja ya prosesa, CALL_PAL, yenye nambari ya kazi. Kubadilisha mchakato unaoendeshwa, kufuta kumbukumbu ya anwani, hata kupandisha au kushusha kiwango cha makatizo, yote yalipita hapo. VMS ilikuwa na PALcode yake, Unix yake, Windows NT yake. Chipu ileile ilijionyesha kwa kila mfumo kwa sura tofauti.

Lakini Alpha ilikutana na BIOS ya IBM mahali ambapo hakuna aliyeitarajia: kwenye kadi ya picha. Kadi za PCI zilizouzwa madukani zilikuwa na BIOS yao ndogo ya kuziamsha, iliyoandikwa kwa amri za x86, ambazo Alpha haielewi hata moja. Windows NT ya Alpha ikabeba ndani yake programu ya kuiga prosesa ya x86, kwa ajili tu ya kuendesha BIOS ya kadi. Kwa Linux, David Mosberger-Tang aliandika kiigizi cha namna hiyo, na kutokana na kazi yake ikazaliwa x86emu, ambayo XFree86, programu ya kuendesha skrini, iliitumia kwenye Alpha na PowerPC. Kilichofuata kinafurahisha. Mwaka 2003 AMD ilipotoa Opteron, hali ya biti 64 ya prosesa hiyo haikuwa tena na hali ndogo ya kuendesha msimbo wa biti 16 wa 8086, ambayo prosesa ya Intel 386 ilikuja nayo mwaka 1985. Kerneli ya biti 64 kwenye x86 haikuweza kuiendesha BIOS ya x86. Kiigizi kilichobuniwa kwa ajili ya Alpha kikawa dawa kwa x86 yenyewe.

Mosberger-Tang alihamia HP na kuongoza kuipeleka Linux kwenye Itanium, na huko ndiko ukurasa mkubwa uliofuata ulikoandikwa. Intel na HP walikuwa wakitengeneza seva kubwa zenye prosesa isiyo na uhusiano wowote na 8088. BIOS ya biti 16 haikuwa na nafasi. Mwaka 1998 Intel ilianza mpango wa programu dhibiti mpya, uliokuja kuitwa EFI. Itanium ilipofika sokoni mwaka 2001 kerneli ilikuta tabaka tatu za kuita: PAL ya prosesa, SAL ya mashine, na EFI juu. EFI ilikuwa na makundi mawili ya huduma. Za kuamsha hufa pale kerneli inapotangaza kwamba inachukua mashine. Za kudumu hubaki: saa, kuwasha upya, na vigeu vinavyohifadhiwa kwenye chipu hata umeme ukikatika. Apple iliingiza EFI kwenye Mac za Intel mwezi Januari 2006, na jukwaa la makampuni lililoundwa mwaka 2005 likaipa jina jipya, UEFI.

Huduma za kudumu ndizo zilizoleta kazi. Tuchukue moja, SetVariable, inayohifadhi kigeu. Ina hoja tano: jina, kitambulisho cha mwenye jina, sifa, ukubwa, na data. Linux kwenye x86 ya biti 64 huweka hoja zake tano za mwanzo kwenye RDI, RSI, RDX, RCX na R8. UEFI ilichagua utaratibu wa Microsoft: RCX, RDX, R8, R9, na ya tano iwekwe kwenye staki, juu ya nafasi tupu ya baiti 32 ambayo muitaji lazima aiache. Kwa hiyo kipande kidogo cha asembli kinasimama katikati na kupanga upya kila hoja, huku kerneli ikihifadhi rejista za hesabu za desimali, kwa sababu programu dhibiti ina ruhusa ya kuzichafua. Kwenye ARM ya biti 64 utaratibu wa pande zote mbili ni mmoja, na upangaji huo hauhitajiki.

Kisha kuna anwani. UEFI huanza ikijiona kwenye anwani halisi za kumbukumbu, kerneli huishi kwenye anwani za kubuni. Kuna huduma ya kuipa UEFI ramani mpya, SetVirtualAddressMap, nayo huitwa mara moja tu tangu mashine iwashwe. Kerneli inayowasha kerneli nyingine bila kuzima mashine haiwezi kuiita mara ya pili. Ndiyo maana Linux ilikuja kuziweka huduma hizo kwenye anwani zisizobadilika, ili kerneli ya pili izikute palepale. Juu ya hayo, mwaka 2011 mwanaprogramu Matthew Garrett aliipatia Linux njia ya kuishi na programu dhibiti ambazo zilipopewa ramani mpya ziliendelea kugusa kumbukumbu zilizoahidi kuziachia. Kerneli ikaacha kumbukumbu hiyo bila kuitumia hadi wito huo upite.

Januari 2013 tatizo likatoka kwenye msimbo likaingia mikononi mwa watu. Kompyuta mpakato kadhaa za Samsung ziliwashwa na Linux kwa njia ya UEFI na hazikuwaka tena kamwe. Lawama ya kwanza iliangukia draiva ya Linux iliyogusa kumbukumbu ya Samsung moja kwa moja. Uchunguzi wa Garrett ukaonyesha kwamba chanzo kilikuwa ndani zaidi: chipu ya vigeu ikijaa kupita kiasi, programu dhibiti hiyo ilishindwa kuamka, na ilitosha kuandika vigeu vingi, hata kutoka Windows. Linux ilikuwa ikihifadhi humo taarifa za kerneli iliyoanguka, jambo ambalo kiwango kinaruhusu kabisa. Tangu hapo Linux ikaanza kukataa kuandika kwenye mashine kama hizo pale nafasi inapokaribia kubaki nusu. Mwaka 2016 ilibainika pia kwamba amri ya kufuta mafaili yote, ikipita juu ya saraka ya vigeu, iliweza kuua mashine nyingine, na Linux 4.5 ikaweka vigeu vingi chini ya ulinzi wa kutofutika.

Hayo yote yanatokana na jambo moja katika muundo wa UEFI, na ni jambo linalostahili kusemwa wazi. Huduma za kudumu za UEFI zinapoitwa, zinaendeshwa kwa mamlaka yote ya kerneli, ndani ya prosesa ileile, zikiweza kufika kila mahali. Ni kama mgeni uliyempa funguo za vyumba vyote kwa sababu alikuja kurekebisha saa ya ukutani. Linux imekuwa ikipunguza funguo hizo kidogo kidogo: kurasa za kumbukumbu za pekee kwa ajili ya wito, foleni ya pekee, ukaguzi baada ya kurudi. Mwaka 2022 kerneli ilipowasha ulinzi mpya wa Intel unaodai kila kazi inayorukiwa ianze na amri ya utambulisho, ililazimika kuuzima ulinzi huo kila inapoita UEFI, kwa kuwa programu dhibiti zilizokuwepo hazikuwa na amri hiyo. Kwenye ARM, kanuni inasema rejista x18 ni ya jukwaa na UEFI isiiguse. Kerneli huihifadhi kabla ya wito na kuilinganisha baada ya wito. Ikikuta imebadilika, huandika kwenye kumbukumbu zake kwamba programu dhibiti imeichafua. Kuna wakati rejista hiyo hushika anwani ya rundo la ulinzi wa kerneli yenyewe, kwa hiyo ukaguzi huo una uzito.

ARM ilifika kwenye jibu bora kwa njia ndefu. Kwa miaka mingi ubao wa ARM haukuwa na huduma yoyote ya kuita, na kila ubao ulikuja na msimbo wake ndani ya kerneli, hadi Torvalds alipolalamika hadharani mwaka 2011. Sehemu ya dawa ilikuwa mti wa vifaa, maelezo ya vifaa vya ubao yanayokabidhiwa kerneli, urithi wa Open Firmware. Sehemu nyingine ilikuwa PSCI, kanuni ya kuiomba programu dhibiti iwashe na kuzima prosesa. Prosesa ya ARM ina ngazi za mamlaka, na programu dhibiti hukaa kwenye ngazi ya juu zaidi ya kerneli, upande salama. Kerneli inayotaka kuamsha prosesa ya pili huweka C4000003h kwenye x0, utambulisho wa prosesa kwenye x1, anwani ya kuanzia kwenye x2, kisha hutoa amri ya SMC. Prosesa hupanda ngazi, programu dhibiti hufanya kazi yake kwa kumbukumbu yake na staki yake, na jibu hurudi kwenye x0: sifuri ni sawa, hasi ni kosa. Nambari yenyewe ina maana ndani yake: biti ya 31 inasema wito ni wa haraka, ya 30 inasema ni wa biti 64, na zinazofuata zinasema huduma ni ya nani. Kerneli iliyo ndani ya mashine ya kubuni hutumia amri ya HVC badala ya SMC, na mti wa vifaa huiambia itumie ipi.

Bei ya kupanda ngazi ilijulikana Januari 2018, udhaifu wa Spectre ulipotangazwa. Kwenye baadhi ya prosesa za ARM dawa ilikuwa kuita programu dhibiti mara kwa mara ili isafishe vikadirio vya prosesa. Kanuni ya wito wa SMC ya wakati huo iliiruhusu ichafue rejista x0 hadi x17, na kuzihifadhi zote mahali panapopitwa mara nyingi kiasi hicho kungekuwa mzigo. ARM ikatoa toleo la 1.1 la kanuni hiyo, ambapo rejista zinazoruhusiwa kuchafuliwa ni x0 hadi x3 peke yake.

RISC-V, iliyoanza Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 2010, ilichukua njia hiyo tangu mwanzo. Kerneli hutoa amri ya ecall, na programu dhibiti katika ngazi ya juu huipokea. Kiwango cha kwanza, SBI, kilikuwa na huduma tisa tu, zenye nambari 0 hadi 8 kwenye rejista a7, na hakikuwa na namna ya kuuliza kipi kipo na kipi hakipo. Hakikuwa pia na huduma ya kuamsha prosesa moja moja. Prosesa zote ziliingia kwenye kerneli kwa pamoja, na Linux ikazifanyia bahati nasibu: kila moja iliongeza moja kwenye nambari ya pamoja kwa amri isiyokatizwa, na iliyokuta sifuri ndiyo iliyoiwasha kerneli. Nyingine zilisubiri. Toleo la 0.2 likaleta mpangilio mpya: familia ya huduma kwenye a7, huduma kwenye a6, kosa likirudi kwenye a0 na jibu kwenye a1, pamoja na huduma ya kuuliza nini kipo. Familia ya kuamsha prosesa ilipewa nambari 48534Dh, ambayo ni herufi HSM zikisomwa kama nambari. OpenSBI, mradi ulioanzishwa na Western Digital, ukawa programu dhibiti inayotumiwa na wengi.

Saa ndiyo iliyobaki kuwa mzigo. Kipima muda cha RISC-V kilikuwa mali ya ngazi ya juu, kwa hiyo kila kerneli ilipotaka kuamshwa baada ya muda fulani ililazimika kupanda kwa ecall, mara nyingi kwa sekunde. Mwaka 2021 waandaaji wa kiwango walipitisha nyongeza ya Sstc, inayoipa kerneli rejista yake ya kipima muda. Linux inapowaka kwenye RISC-V leo huangalia kama prosesa ina Sstc. Ikiwepo, huandika wakati wake moja kwa moja kwenye rejista hiyo. Isipokuwepo, hupitia programu dhibiti kama zamani, na kwenye mashine zote mbili bado huenda kwa SBI kuwasha prosesa za pembeni na kuzima umeme.